Nyuki wa Tabora wamehamia kwa mtoza ushuru: timu ni ya nani?



Leo naomba tuongelee kitu kilichopita kimyakimya mno. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, ukifungua msimamo wa Ligi Kuu ukatafuta neno Tabora, hulioni. Kuna Dodoma Jiji. Kuna Singida Black Stars. Kuna Mashujaa ya Kigoma. Sisi tuliokaa katikati ya njia tumeandikwa TRA United. Tabora United ile iliyompiga Yanga tatu ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato mwaka 2025, jina likafutwa, na sisi mashabiki tukaletewa habari kama tunavyoletewa habari ya mgao wa umeme. Vijiweni watu wakaishia kwenye utani: sasa tukifunga bao tunadai risiti, wageni wakitufunga wanalipa VAT. Tumecheka wee, tukaenda zetu kunywa chai.

Mimi nasema tusicheke tu. Kwanza tukumbushane hiyo timu ilitupa nini, maana naona kuna madogo wanadhani mpira wa Tabora ulianza na lile bao la Chikola.

Wazee wetu walikuwa na Milambo. Milambo ya Tabora ilicheza ligi ya juu miaka ya 1990, wakati ambao ukitaka kujua matokeo unasubiri taarifa ya habari ya RTD, na jina lake lilikuwa jina la mtemi. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, ndiye aliyewafungia njia waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871, misafara ikakwama, bei zikapanda mpaka pwani. Stanley alikuwepo, akaingia vitani upande wa waarabu, wakachapwa. Timu ikibeba jina kama hilo huna haja ya kuuliza ni ya wapi. Ikashuka, ikazama, ikawa story za kwenye vibaraza.

Halafu tukapata Rhino Rangers. Hii ilikuwa timu ya jeshi, ikapanda pamoja na Mbeya City na Ashanti United kwa msimu wa 2013/14. Siku ya kwanza kabisa ya ligi, tarehe 24 Agosti 2013, wakaletewa Simba Ali Hassan Mwinyi. Mji ulisimama, wajameni. Matokeo 2-2. Sare tu, lakini waulize waliokuwepo, watakwambia kana kwamba ni kombe. Mbeya City wakaendelea kuwa habari ya nchi nzima msimu ule, Rhino wakashuka mwisho wa msimu, basi. Msimu mmoja, kumbukumbu moja. Baada ya hapo tukawa tunashabikia za watu kwenye vibanda umiza kwa miaka tisa.

Sasa Kitayosce. Hapa watu wengi hawapendi kusikia, ila lazima lisemwe: Kitayosce haikuzaliwa Tabora. Ilizaliwa Kilimanjaro, kule Moshi, ikahamia kwetu ikiwa inacheza madaraja ya chini. Ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023 nyuma ya JKT Tanzania ndipo ikavaa jina la Tabora United. Yaani hata jina tulilolililia 2025 tulipewa miaka miwili tu nyuma yake. Tulilipokea kwa mikono miwili, hatukuuliza wa Moshi wamebaki na nini.

Na mwanzo wake ulikuwa aibu tupu. Tarehe 16 Agosti 2023, Azam Complex, mechi ya kwanza ya ligi, Tabora United ikaingia uwanjani na wachezaji wanane. Wanane! Timu ilikuwa imetoka kwenye kifungo cha FIFA cha kusajili kwa sababu ya madeni, usajili wa wachezaji wengine haukukamilika kwa wakati, kwa hiyo waliokuwa na leseni ndio haohao. Azam hawakuwa na huruma, na hawakupaswa kuwa nayo. Mabao manne haraka haraka, Feisal Salum peke yake matatu. Kisha wetu wakaanza kuumia mmoja mmoja, wakapungua chini ya saba, na sheria za mpira haziruhusu timu kuendelea chini ya saba. Mwamuzi akamaliza mchezo, hata nusu saa haijafika. Nchi nzima ilituchekea usiku ule.

Naikumbusha siku hiyo kwa makusudi. Kila mtu anayelia leo kwamba TRA wametunyang'anya timu, ajiulize kwanza: ile timu ya watu wanane ilikuwa na mwenyewe? Shabiki gani wa Tabora alitoa hata nauli ya mchezaji mmoja? Timu isiyo na hela ndivyo inavyokuwa, inadaiwa na makocha, inadaiwa na wachezaji, inadaiwa na hoteli, na siku ya mechi inahesabu vichwa kama konda wa daladala.

Msimu ule ulikuwa wa kuungaunga. Simba walikuja Tabora Februari 2024 wakatuchapa nne bila kwetu. Tukaishia kwenye mechi za mtoano, na roho ikaponea pale Biashara United ya Mara walipotolewa. Hiyo nayo ni kumbukumbu, ingawa haina picha nzuri. Kubaki Ligi Kuu kwa jasho la mwisho kuna utamu wake, ambao shabiki wa Simba na Yanga hataujua mpaka anakufa.

Halafu ikaja Alhamisi ya tarehe 7 Novemba 2024.

Niwawekee mazingira vizuri, kwa sababu ukisema tu "tuliifunga Yanga 3-1" mtu wa nje anaona ni matokeo ya kawaida. Yanga walikuwa mabingwa mara tatu mfululizo. Walikuwa wameanza msimu wa 2024/25 kwa kushinda mechi nane za ligi bila kuruhusu hata bao moja. Nane! Siku tano kabla yetu, tarehe 2 Novemba, Azam wakawapiga moja bila palepale Chamazi, na beki wao Ibrahim Bacca akalambwa kadi nyekundu. Kila mchambuzi wa redioni akasema ile ni ajali, sasa watamalizia hasira kwa Tabora. Na kwa kweli kitabu kilisema hivyo. Sisi Agosti tulikuwa tumepigwa tatu bila na Simba, tumebadilisha kocha, Mkenya Francis Kimanzi kaondoka, Mkongo Anicet Kiazmak ndio kwanza anajua majina ya wachezaji.

Mpaka mapumziko Yanga walikuwa nyuma kwa mabao mawili. Offen Chikola akaondoka na mabao mawili usiku ule, Yanga wakapata la kufutia machozi mwishoni. 3-1. Nyuki wa Tabora walikuwa wameuma kweli. Watu walitoka vibandani wakaanza kuimba barabarani kama timu imechukua kombe la dunia, na asubuhi yake hata wale wana-Yanga sugu wa mjini kwetu (na ni wengi, tusidanganyane) walikuwa na kicheko cha ajabu, nusu msiba nusu harusi.

Tarehe 15 Novemba Yanga wakamfuta kazi kocha Miguel Gamondi. Yaani timu iliyoanza mwaka uliotangulia na watu wanane ilimng'oa kocha wa mabingwa. Tena angalieni dunia ilivyo: Gamondi akarudi nchini mwaka 2025 na kupewa Singida Black Stars, stesheni ya jirani yetu, na Novemba 2025 akakabidhiwa Taifa Stars. Kipigo chetu kilimpa likizo tu.

Hata hivyo tuwe wakweli. Ule usiku haukututoa kwenye daraja letu. Februari 2025 Simba walikuja Ali Hassan Mwinyi wakaondoka na tatu bila. Tarehe 2 Aprili Yanga nao wakaja, tatu bila. Ukijumlisha na ile ya Agosti, wakubwa walitupiga tatu, tatu, tatu. Ila dhidi ya wenzetu wa saizi yetu timu ilikaza, ikamaliza msimu kwenye nusu ya juu ya msimamo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufuatilia mpira, mtu wa Tabora aliweza kuangalia msimamo kuanzia juu badala ya kuanzia chini.

Na hapo hapo ndipo kila kitu kikaanza kuhama. Kocha Kiazmak aliondoka. Chikola akachukuliwa, na nani? Yanga haohao, mwaka 2025. Halafu jina.

Sasa tufikirie kidogo, maana hapa ndipo uchambuzi wangu ulipo.

Tabora siku zote imekuwa kituo. Karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inapumzika hapa, Unyanyembe, wengine wanapaita Kazeh. Mzigo unateremshwa, wapagazi wanabadilishwa, msafara unagawanyika, mwingine Karagwe na Buganda, mwingine Ziwa Tanganyika. Wapagazi wenyewe wengi walikuwa Wanyamwezi. Pembe ilishuka pwani mabegani mwao, faida ikabaki pwani. Reli ilipofika 1912 ikafanya kazi ileile kwa mabehewa. Mpira nao umefuata njia hiyohiyo: timu inatoka Moshi inatua kwetu, inabadilisha wabebaji, inapata nguvu, kilicho bora kinashuka Jangwani au Msimbazi.

Na jambo moja la kuchekesha kama mnalipenda kulipenda. Kwenye njia ile ya zamani, mtemi mwenye eneo alikuwa anatoza ushuru wa kupita, na ushuru ule uliitwa hongo. Siku zile neno halikuwa na uchafu lililonao leo, ilikuwa ada halali, unatoa vitambaa na shanga unapita. Sasa mji uliozoea kuona misafara ikitozwa njiani umeishia na timu ya watoza kodi. Mirambo angeelewa kuliko sisi.

Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa raha kwa mtu anayependa ramani. Kuanzia Dar, ukifuata ile njia kuelekea ziwani, unapita Mtibwa Sugar kule Morogoro, Dodoma Jiji, Singida, Tabora, unamalizia Mashujaa pale Kigoma. Njia nzima ilikuwa na Ligi Kuu! Lakini angalieni kilichotokea Singida, ndio utajua kwa nini naogopa. Singida United walipanda 2017 kwa kishindo, 2020 wakashuka wakapotea. Timu ya DTB ikapanda 2022 ikaitwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikahamia Babati, na Ihefu, ambayo ilikuwa timu ya Mbarali kule Mbeya, ikawa Singida Black Stars. Hebu jiulize wewe kama shabiki wa Mbarali. Umeshangilia timu mpaka imefika Ligi Kuu, halafu siku moja timu ipo, pointi zipo, wachezaji wapo, wewe ndiye haupo.

Sio Bongo tu. Marekani kwenye mchezo wao wa besiboli kulikuwa na timu ya Brooklyn inaitwa Dodgers. Miaka na miaka wakifika fainali wanapigwa na Yankees (hata jina linafanana na la Yanga, msinicheke). 1941, 1947, 1949, 1952, 1953, zote walilala. Mwaka 1955 wakawafunga Yankees hatimaye, Brooklyn ikalia machozi ya furaha. Baada ya msimu wa 1957, miaka miwili tu, mwenye timu akaihamishia Los Angeles. Uingereza nako Wimbledon ikahamishiwa Milton Keynes mwaka 2003, mashabiki wakakataa, wakaanzisha AFC Wimbledon yao kutoka chini kabisa, na leo iko ligi za kulipwa. Kwa hiyo kitu hiki kina historia, na mara nyingi kinakuja mara tu baada ya utamu. Timu iliyomfunga mkubwa ndiyo inayotamaniwa. Ile ya watu wanane nani angeitaka?

Kuna wadau watasema: acha maneno, TRA ina hela, mishahara itatoka, acha timu ipumue. Mimi sipingi hata kidogo. Tumeshaona upande wa pili. Stand United ya Shinyanga, Chama la Wana, ilikuwa ya wananchi hasa. Hela ya Acacia ilipoingia, wakagawanyika pande mbili, wa kampuni na wa wanachama, wakavutana mpaka timu ikachoka, ikashuka 2019. Umiliki wa wananchi bila utaratibu nao ni mchezo wa kamari. Kwa hiyo mwenye hela aje.

Lakini mwenye hela anayeitwa shirika naye ana tabia yake. Wakubwa wetu watakumbuka Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera. Zilikuwa timu za mashirika, mishahara ya uhakika, wachezaji wana ajira. Upepo wa mashirika ulipobadilika, timu zikaenda na upepo. Bosi mpya anaweza kuja TRA kesho akasema kazi yetu ni kukusanya kodi, sio kufukuzana na mpira. Na atakuwa na haki. Siku hiyo timu itakuwa ya nani, kama hata jina letu halimo? Ikihamia Dar au Dodoma tutadai kwa hoja gani?

Ndio maana nasema suala la jina sio la hisia tu. Angalieni Kagera Sugar. Ni timu ya kampuni, kila mtu anajua nani analipa, lakini neno Kagera lipo mbele. Geita Gold hivyohivyo. Mtibwa ni jina la mahali. TRA Tabora ingegharimu nini zaidi ya TRA United? Herufi zinakaribiana kabisa. Uwanja wenyewe tunachezea una jina la Mzee Mwinyi, aliyetutoka Februari 2024, Mungu amrehemu, na unamilikiwa na chama. Jina la timu lilikuwa kitu pekee pale ndani chenye neno Tabora.

La pili, na hili ni kubwa kuliko jina: vijana. Kwenye timu iliyoifunga Yanga, watoto wa Nzega, Igunga, Urambo, Sikonge, Kaliua waliokuwa uwanjani ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na bado ukabaki na cha kushikia kikombe. Sisi tulikuwa na jina, wachezaji walitoka kote Afrika. Sio dhambi, ndio mpira wa siku hizi. Ila taasisi yenye ofisi kila wilaya, kama kweli imekuja kukaa, inaweza kufanya kile ambacho Kitayosce iliyokuwa na madeni isingeweza: timu za chini ya miaka 17 na 20 zinazochukua watoto wa hapa, shule zetu zimejaa vipaji, Tabora Boys, Milambo, Kazima. Mchezaji aliyekulia kwenye mfumo wa timu ni mzizi. Ukiwa na mizizi kumi kama hiyo, kuihamisha timu inakuwa kazi.

Kama hayo mawili hayafanyiki, basi mimi nitaendelea kwenda uwanjani nikijua nimekwenda kuangalia msafara umepumzika.

Wadau, nina swali la kweli kwenu. Pale jukwaani tulikuwa tunaimba Nyuki wa Tabora. Sasa tunaimba nini? Na kama kuna mzee wa Milambo anapitia hapa, au kijana ambaye baba yake alichezea, tafadhali andika hapo chini mlicheza na nani, mwaka gani, ikawa ngapi ngapi. Hata mstari mmoja.